Sarafu za vijidola vya Ujerumani karne ya 18: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ni kweli neno "hela" lina asili ya Kijerumani?

Kweli kabisa. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliacha hesabu ya zamani ya rupia moja kwa pesa 64, ikaigawa rupia katika Heller 100. Watu wa Tanga, Dar es Salaam na Tabora wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa hela, na likabaki hata Mjerumani mwenyewe alipokwisha kuondoka.

Lakini Heller ni ya kale kuliko Ujerumani iliyotutawala. Jina linatokana na Hall, mji wa wachemsha chumvi kusini mwa nchi hiyo, unaoitwa leo Schwäbisch Hall. Tangu karne za kati mji huo ulipiga visarafu vyenye mkono upande mmoja na msalaba upande wa pili. Kufikia karne ya 18, Heller ilikuwa imeshuka hadi kuwa nusu ya fenigi (Pfennig, chenji ndogo), kitu cha kumpa ombaomba.

"Dola" nayo ilianzia huko huko. Mwaka 1520 makabaila wa ukoo wa Schlick walianza kupiga sarafu nene za fedha katika bonde la Joachimsthal, ambalo leo ni Jáchymov nchini Ucheki. Sarafu ikaitwa Joachimsthaler, ikafupishwa kuwa Thaler (hapa nitaandika taleri), Waholanzi wakaigeuza kwa matamshi yao, Waingereza kwa yao, ikatufikia sisi ikiwa dola. Kiswahili kina bahati ya kuwa na dola mbili: hii ya kulipia, na ile ya asili ya Kiarabu yenye maana ya mamlaka ya nchi. Hazina undugu wowote. Ila kwa sarafu tunazozungumzia hapa ni kama zina undugu, maana watawala wengi wadogo walipiga dola ili waonekane wana dola.

Kwa nini kulikuwa na sarafu za aina nyingi hivyo?

Kwa sababu hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Palikuwa na Dola Takatifu la Kiroma, na ndani yake maeneo zaidi ya 300, mengi yakiwa vijidola, yaani nchi ndogo ndogo zenye mtawala wake: falme, himaya za maaskofu, abasia (nyumba za watawa), miji huru, na ardhi za makabaila ambazo mtu angeweza kuzivuka kwa miguu kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Si wote waliopiga sarafu, lakini waliopiga walikuwa wengi mno.

Haki ya kupiga sarafu waliipata wapi?

Kiasili ilikuwa mali ya mfalme wa Wajerumani. Wafalme wakaigawa kidogo kidogo, mara kama zawadi, mara kama malipo ya deni. Hati ya Dhahabu ya mwaka 1356 iliwathibitishia haki hiyo wale watawala waliokuwa na kura ya kumchagua mfalme, na wengine waliipata kwa hati zao wenyewe.

Dola lilijaribu kufunga mlango. Mwaka 1570, mkutano mkuu uliofanyika Speyer uliamua kwamba kila jimbo kati ya majimbo kumi ya Dola liwe na viwanda vitatu au vinne tu vya sarafu vilivyoidhinishwa, isipokuwa kwa mtawala mwenye migodi yake ya fedha. Amri ilikuwa nzuri. Utekelezaji ulikuwa wa kubahatisha, na viwanda vya uchochoroni vikaendelea hivi kwamba Wajerumani wakavipa jina: Heckenmünzen, yaani viwanda vya vichakani.

Kabaila mwenye vijiji kumi alifaidika nini na sarafu yake?

Inategemea ni sarafu gani, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Sarafu kubwa, taleri, haikuwa na faida ya maana. Fedha yake ilikuwa nyingi na kanuni zake zilijulikana kila soko, kwa hiyo ukiichakachua unaumbuka mara moja. Kabaila aliipiga kwa heshima: arusi, maziko, kutawazwa, mkataba wa amani. Koo kama Hohenlohe, zilizokuwa zimegawanyika matawi kwa matawi, mara nyingi hazikuwa hata na kiwanda. Ziliagiza kazi ifanyike Nürnberg kwa mafundi wa huko, zikapelekewa vipande vichache vyenye sura ya mkuu wa ukoo upande mmoja na nembo upande wa pili. Vilitolewa kama zawadi kwa wageni na kuwekwa kabatini. Lakini vilikuwa pia ushahidi. Jirani akija kudai kwamba haki yako ya sarafu imekufa kwa kutotumika, unamwekea taleri yako mezani.

Chenji ilikuwa habari nyingine. Hakuna mfanyabiashara wa mbali aliyejisumbua kupima kroitsa (Kreuzer, chenji ya kusini) au fenigi ya kijijini kwenye mizani, na mwanya huo ndio uliowatia tamaa wenye madeni. Makabaila wa Montfort, waliokuwa na kiwanda Langenargen kando ya ziwa Bodensee, walikuwa na madeni ya kutisha na kasri la kujenga. Walimwaga visarafu hafifu kusini yote ya Ujerumani, na majirani wakavipiga marufuku. Havikuwaokoa: ardhi yao iliishia mikononi mwa Austria mwaka 1780.

Kwa ufupi, taleri ilipigwa kwa heshima na chenji ikapigwa kwa faida. Aliyebaki na chenji mfukoni ni mkulima na kijakazi.

Hesabu zao zilikwendaje?

Kaskazini: taleri 1 = groshi 24, na groshi 1 = fenigi 12. Kwa hiyo taleri ni fenigi 288.

Kusini: guldeni 1 = kroitsa 60, kroitsa 1 = fenigi 4 = Heller 8. Batzen ilikuwa kroitsa 4.

Hamburg walihesabu kwa marki ya shilingi 16, na Bremen taleri yao ilikuwa na Grote 72. Usishangae ukikuta daftari la muuza nguo wa wakati huo lina safu nne za namba.

Kuna mtego mmoja. Taleri ya kwenye daftari na taleri ya mkononi hazikuwa lazima kitu kimoja. Baada ya mwaka 1763 Saksonia ilihesabu kwa taleri ya groshi 24, lakini sarafu kubwa iliyopigwa huko ilikuwa na thamani ya groshi 32, yaani taleri moja na theluthi. Taleri ya hesabu yenyewe haikuwa na sarafu ya kuishika.

Maandishi "X EINE FEINE MARK" yana maana gani?

Maana yake ni "kumi kwa marki moja safi", na ndiyo maneno yenye faida kuliko yote kwenye sarafu hizi.

Marki hapa ni kipimo cha uzito, marki ya Köln, karibu gramu 233.856. "Safi" maana yake fedha isiyo na shaba. Swali la msingi kwa kila kiwanda lilikuwa: katika marki moja ya fedha safi, unatoa taleri ngapi? Ukitoa nyingi zaidi, kila moja inabeba fedha kidogo zaidi. Historia yote ya sarafu za Wajerumani inaweza kusimuliwa kwa namba hiyo moja inavyopanda.

Mwaka 1566 kanuni ya Dola ilikuwa taleri 9, kila moja na fedha safi ya karibu gramu 26. Mwaka 1667, Brandenburg na Saksonia walikubaliana huko Zinna wahesabu 10 na nusu. Mwaka 1690, huko Leipzig, ikawa 12. Mwaka 1750 Friedrich II wa Prussia, kwa ushauri wa Johann Philipp Graumann, mkuu wa viwanda vyake vya sarafu, akafika 14. Upande wa pili Austria ilishika taleri 10, sawa na guldeni 20, na mwaka 1753 ikatia saini mkataba na Bavaria. Kwa sababu ya mkataba huo taleri hizo zikaitwa Konventionstaler.

Ukisema 10 ni nyingi kuliko 9 unasema kweli: taleri ya mkataba ina gramu 23.4 tu za fedha safi. Bavaria yenyewe haikuvumilia. Mwaka uliofuata iliendelea kupiga sarafu ile ile, ila ikaanza kuihesabu kwa guldeni 24 kwa marki badala ya 20, na karibu kusini yote ikafuata. Sarafu moja ikawa guldeni 2 kamili Vienna, na guldeni 2 na kroitsa 24 München, bila kubadilika hata chembe.

Kwa vijidola, mkataba huu ulikuwa kama cheti cha ubora. Askofu wa Eichstätt au kabaila wa Hohenlohe akiandika X EINE FEINE MARK, mfanyabiashara wa Augsburg hakuwa na haja ya kumjua. Kwenye sarafu ya kroitsa 20 utaona namba 60 badala ya X: sitini za namna hiyo ndizo zinatoka kwenye marki moja.

Mbona chenji zao nyingi zimekuwa nyekundu?

Kwa sababu ni shaba iliyovishwa kanzu. Vipande vya mchanganyiko wenye shaba nyingi vilichemshwa kwenye maji yenye chumvi na masimbi machachu ya mvinyo (Weinstein) kabla ya kupigwa chapa. Shaba ya juu ikayeyuka, ikabaki ngozi nyembamba ya fedha inayong'aa. Ikitoka kiwandani ni bibi harusi. Ikizunguka sokoni miezi michache, ngozi inaisha kwanza kwenye pua na shavu la mtawala, sehemu zilizoinuka, na mtawala anaanza kuona haya hadharani.

Si kila chenji hafifu ilikuwa wizi. Kupiga fenigi 288 kunahitaji kazi nyingi kuliko kupiga taleri moja, na kiwanda kilicholipa mafundi kwa haki kingepata hasara kama chenji ingekuwa na fedha kamili. Serikali zenye adabu ziliandika LANDMÜNZ au SCHEIDEMÜNZE juu yake, kuonyesha kwamba ni za matumizi ya ndani. Wasio na adabu walizipakia kwenye mapipa na kuzisafirisha kwa jirani.

"Ephraimiten" walikuwa kina nani?

Ni sarafu, si watu, na ndilo tukio kubwa la karne hiyo.

Mwaka 1756, mwanzoni mwa Vita vya Miaka Saba, Friedrich II aliiteka Saksonia na kiwanda chake cha sarafu cha Leipzig. Mtawala wa Saksonia, August III, alikuwa pia mfalme wa Poland, na sarafu zake zilikubalika nchi zote mbili. Friedrich akakodisha kiwanda kwa wafanyabiashara wa Berlin, Veitel Heine Ephraim na baadaye Daniel Itzig pamoja naye. Wakapiga sarafu zenye sura ya August, nembo ya August, na mara nyingi tarehe za kabla ya vita, ila fedha ndani yake ikapungua mwaka hadi mwaka. Kutoka taleri 14 kwa marki, vita vilipofikia mwisho walikuwa wamevuka 40. Yaani taleri ya hesabu iliyostahili kubeba karibu gramu 16.7 za fedha ilibeba chini ya 6.

Wajerumani walitunga kibwagizo: nje nzuri, ndani mbovu, nje Friedrich, ndani Ephraim. Sisi tungesema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini kibwagizo kile hakikutenda haki. Ephraim na Itzig walikuwa Wayahudi katika nchi ambako Myahudi aliishi kwa ruhusa ya mfalme. Aliyeamuru ni mfalme, na fungu kubwa la faida lilikwenda kulipa askari wa mfalme. Jina lililobaki kwenye sarafu mbovu likawa la mkandarasi.

Vijidola viliona mkubwa anafanya, vikafanya pia. Anhalt-Bernburg, kijidola cha milima ya Harz chenye dubu juu ya ukuta kama nembo, kilitoa vipande vya groshi 8 ambavyo kwa fedha yake vilistahili kutupwa. Neuwied, kando ya mto Rhine, nako tanuri halikupoa. Mtawala mdogo hakuhitaji kujua lolote: alikodisha haki yake kwa mwenye mtaji, akapokea kodi, akafumba macho.

Amani ilikuja Februari 1763. Mwaka huo huo nyumba kubwa za biashara za Amsterdam, Hamburg na Berlin zikaanguka moja baada ya nyingine, na mwaka 1764 Prussia ikarudi kwenye taleri 14. Sarafu za vita zikaitwa kiwandani kwa thamani ya fedha iliyomo. Aliyekuwa ameuza ng'ombe wake mwaka 1761 akaletewa shaba mkononi.

Watu wa kawaida walijikingaje?

Kwa vitabu vya bei na kwa kusengenyana. Serikali na wachapaji walitoa majedwali yanayoorodhesha sarafu za kigeni, mara nyingine na picha, na thamani halisi ya kila moja. Amri zilibandikwa kwenye milango ya makanisa: kuanzia tarehe fulani, kroitsa za fulani hazipokelewi. Tatizo ni kwamba habari ya namna hiyo humfikia tajiri kwanza. Yeye huzitoa zote usiku huo kwa kulipa vibarua, na asubuhi kibarua ndiye anayesoma tangazo, kama anajua kusoma.

Fedha yenyewe walitoa wapi?

Wenye bahati walikuwa na milima. Harz ilikuwa na migodi iliyowanufaisha watawala kadhaa, na makabaila wa Stolberg walipiga sarafu zenye paa dume mbele ya nguzo kutokana na fedha ya kwao. Kwenye mito walichekecha mchanga wa dhahabu. Mtawala wa Pfalz alitoa dukati za dhahabu ya Rhine zenye picha ya mji wa Mannheim na maneno ya Kilatini yasemayo hivi ndivyo zinavyong'aa fukwe za Rhine. Dukati hizo zinapendeza kuliko hesabu yake: kuchekecha mto kwa ajili ya gramu tatu na nusu za dukati moja ni kazi ya kujionyesha.

Wengine waliuza walichokuwa nacho, watu. Katika vita vya uhuru wa Marekani, Uingereza ilikodi askari wapatao 30,000 kutoka Hesse-Kassel, Hesse-Hanau, Braunschweig, Ansbach-Bayreuth, Waldeck na Anhalt-Zerbst. Taleri za Hesse-Kassel za mwaka 1776 na 1778 zenye nyota kubwa zilipewa baadaye jina la dola za damu.

Na mwisho kabisa walivua vyombo vya kanisani. Majeshi ya Ufaransa yalipokuwa yakisogea miaka ya 1790, Bamberg ilipiga taleri ya mwaka 1795 iliyoandikwa "kwa manufaa ya nchi". Mwaka 1796 Eichstätt iliyeyusha vyombo vya fedha vya kasri la askofu, na Frankfurt ikaandika wazi juu ya sarafu kwamba imetokana na vyombo vya makanisa na raia wa mji. Kiswahili kinatumia neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa. Frankfurt mwaka ule ungeliona neno hilo likitendeka: kikombe cha altare kinaingia tanuri, kinatoka mshahara.

Taleri yangu ina watakatifu na nembo nyingi, lakini haina sura ya mtawala. Ni bandia?

Huenda ni ya "kiti kitupu". Askofu-mtawala akifa, baraza la makanoni (mapadre wa kanisa kuu) lilitawala hadi apatikane mwingine, na liliwahi kupiga sarafu kwa jina lake lenyewe, likijaza nembo za makanoni ukingoni. Eichstätt ina nzuri za mwaka 1781 na 1790. Tafuta maneno SEDE VACANTE, Kilatini cha "kiti kikiwa kitupu".

Zilipigwa kwa mashine?

Kubwa, ndiyo: mashine ya parafujo yenye mkono mrefu na uzito kila ncha, wanaume wanausukuma, chapa inashuka. Herufi ndogo chini ya shingo ya mtawala ni za mchonga chapa, zilizo upande wa nembo mara nyingi ni za msimamizi wa kiwanda na mpima fedha.

Ziliisha lini?

Mwaka 1803 himaya za maaskofu zilifutwa karibu zote, na miji huru mingi ikamezwa. Mwaka 1806 makabaila wengi wakawekwa chini ya majirani wakubwa, na Dola lenyewe likavunjwa. Visarafu vyenyewe viliendelea kuzunguka mifukoni kwa miaka mingi, mpaka mikataba ya München (1837) na Dresden (1838) ilipopanga hesabu, na marki ya Ujerumani iliyoungana ikafuata miaka ya 1870.

Bibi ameniachia reale ya fedha yenye mwanamke mnene na mwaka 1780. Ni ya karne ya 18?

Ina uwezekano mkubwa kwamba si ya mwaka huo, lakini ni fedha kweli. Huyo ni Maria Theresia wa Austria, aliyefariki mwaka 1780. Taleri yake ilipendwa sana Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu, hata Austria ikaendelea kuipiga kwa tarehe ile ile, na baadaye London, Roma, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay nazo zikaipiga. Wazee wa Unguja waliiita reale ya Sham, kuitofautisha na reale ya mzinga ya Wahispania, ambayo nguzo zake mbili zilionekana kama mizinga.

Kwa hesabu ni ndugu wa zile taleri za vijidola: fedha ile ile, kumi kwa marki moja safi. Herufi S.F. chini ya kifua ni za wasimamizi wa kiwanda cha Günzburg, mji mdogo wa Kijerumani uliokuwa chini ya Austria, na waliopiga nakala walizinakili pia. Ipime: inapaswa kuwa karibu gramu 28.07. Tazama ukingo, kuna maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yenye mapambo katikati. Kama ni laini tupu, au sumaku inaivuta, umepewa kitu kingine. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Na kama ina kitundu juu ya kichwa, bibi au mama yake aliivaa shingoni, kwa hiyo kisizibwe.